Kibanda cha kulishia ndege kwa ubao mmoja wa futi sita

Vibanda vingi vya ndege huharibiwa na maji kabla ya kitu kingine. Mtu hugongea plaiwudi kwa chini, mvua inapiga kwa pembeni, mtama unaloa na kuota ukungu, na ndege huacha kuja. Kwa hiyo sakafu ya kibanda hiki ni wavu, na paa lake linafunika sinia yote, yaani fremu na wavu unaobeba chakula.

Ubao. Nunua ubao mmoja wa 1x8 (inchi 1 kwa 8), futi 6, uliopigwa randa pande zote. Unene utabaki kama sentimita 2. Mninga hudumu miaka mingi lakini bei yake ni ya samani, na paina inatosha kwa kazi hii. Epuka paina yenye rangi ya kijani, maana imetiwa dawa ya wadudu ambayo haifai kugusana na chakula. Usipake oili chafu pia, hata kama fundi anaisifia kwa kuzuia mchwa.

Mengine: skrubu 16 za inchi 2, skrubu 8 za inchi 1¼, wavu wa mbu wa alumini sentimita 38 kwa 28, misumari midogo ya umbo la U, kipande cha bati sentimita 46 kwa 12, na bomba la chuma la inchi 1 lenye urefu wa mita 2.2.

Kukata. Toa kwanza vipande viwili vya sentimita 46. Hivyo ni paa. Kata kipande cha sentimita 30, ukipasue katikati kwa urefu upate nguzo mbili. Kisha kata cha sentimita 40, ukipasue kwa urefu upate fito nne. Msumeno hula milimita kadhaa kila unapopita, kwa hiyo kila ufito utakuwa na upana pungufu kidogo ya sentimita 5. Si tatizo. Fito mbili ziache na urefu wa sentimita 40, nyingine mbili zipunguze hadi 26.

Fremu. Fito fupi zikae katikati ya ndefu, skrubu mbili za inchi 2 kila kona. Toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3. Skrubu inayoingia karibu na ncha ya ubao bila tundu huupasua, na ufa huo hufunguka zaidi kila jua linapofuata mvua. Misumari ya kawaida hapa haifai, kwani mbao zikivimba na kusinyaa huisukuma nje polepole. Fremu ikikamilika ipime kwa nje: 40 kwa 30. Pima pia kutoka kona hadi kona, mishazari miwili ilingane.

Nguzo na paa. Hapa ndipo wengi hukosea. Guniya, kile chombo cha kupimia kona, ina alama ya nyuzi 45, basi mtu anakata vichwa vya nguzo kwa nyuzi 45. Ukifanya hivyo mbao mbili za sentimita 20 zitafunika sentimita 28 tu, na sinia ina 30. Kata kwa nyuzi 30, paa litafunika karibu 35. Huhitaji kipimapembe: weka alama katikati ya kichwa cha nguzo, shuka sentimita 3 kwenye kila ukingo, unganisha kwa mstari, kata.

Nguzo zisimame ndani ya fremu, katikati ya fito fupi, chini zikiwa sawa na fremu. Zifunge kwa nje, skrubu mbili za inchi 1¼ kila moja. Za inchi 2 zitatokeza upande wa pili. Laza mbao za paa, kingo zao za chini zikutane kwenye ncha, na kila ubao upate skrubu mbili kwa kila nguzo. Juu patabaki mfereji wa V. Usiuzibe kwa gundi, itapasuka. Kunja lile bati katikati, ulivishe kama kofia.

Sakafu. Vuta wavu wa mbu chini ya fremu, uugongee misumari ya U kila baada ya sentimita 4. Wavu wa kuku peke yake hautoshi, ulezi wote utapita.

Nguzo ya chini. Mti ukizikwa mchwa wataumaliza, ndiyo maana ya bomba. Fundi wa kuchomelea aweke juu yake vyuma bapa viwili vinavyokatana msalaba, cha sentimita 40 na cha 30, vyote vikiwa na tundu la skrubu kila ncha. Msalaba huo unabeba fremu na kuzuia wavu usilegee. Zika sentimita 50 kwa zege. Kwenye bomba, mita 1.2 kutoka ardhini, funga duara la bati la kipenyo cha sentimita 45 lililokunjwa kama pia, mdomo ukielekea chini. Panya wataishia hapo. Kaa mita 3 mbali na kichaka au ukuta, la sivyo umemjengea paka bucha.

Paka rangi ya maji juu ya paa na nje ya fremu tu. Ndani acha mbao tupu.

Chakula. Konzi mbili za ulezi, mtama au chenga za mchele asubuhi, ziishe kabla ya jioni. Zikibaki, punguza. Shore na kuzumburu hawatajali nafaka, wao wape papai au ndizi mbivu. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, tupa. Osha sinia kila wiki, suuza, anika juani. Ukiona ndege amejikunyata na manyoya yamemsimama, acha kulisha kwa wiki mbili.

Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kuna kunguru wa Kihindi. Zungushia pande zote wavu wa kuchomelea wenye matundu ya inchi 2, upande mmoja ukiwa wa kufungua. Mnana na jurawa watapita. Tetere hatapita, lakini yeye huokota zinazodondoka chini.