Sabufa ya muziki na muvi: nenda dukani na flashi yako

Wateja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, kabla hata ya kusikiliza, huuliza sabufa ina wati ngapi. Mimi ni fundi wa spika, zikishachanika koni ndiyo naletewa, na wati za kwenye katoni sizisomi kabisa. Ukiona PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, hiyo ni namba ya mapambo. Geuza sabufa yenyewe utafute RMS, wati inazozitoa mfululizo, pengine iko kwenye kibandiko karibu na waya wa umeme. Wati 60 za RMS, za kweli, zinaitosha sebule ya futi 12 kwa 12.

Kama unataka sabufa moja ifanye kazi zote mbili, ichague kwa muziki. Bomu la kwenye muvi likizidisha mvumo kidogo hakuna atakayejua. Besi gitaa la rumba je? Kila nota ina pa kuanzia na pa kukomea, na sabufa inayolifuata gitaa, bomu haliishindi. Ila nyingi zinazotisha kwenye muvi, ziwekee kwaya uone: vuuum moja, ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa hiyo beba flashi yenye nyimbo unazozijua. Za muuzaji zimechaguliwa kuipendelea sabufa yake. Rudisha nobu ya besi katikati, maana wanaiacha imejaa, kisha cheza kwa sauti ya chini. Gitaa likipanda na kushuka, nota zote zitoke kwa nguvu moja. Ikiwepo moja inayochomoka peke yake kwa kishindo, hiyo ndiyo itakayokuchosha nyumbani, ingawa sebule nayo huongeza yake. Sasa pandisha sauti, uweke kiganja ubavuni mwa boksi. Kikiwashwa na mtetemo, mbao ni nyembamba. Gonga kwa konzi: unataka mlio mfupi, mzito, si wa debe. Peleka mkono kwenye tobo la hewa. Upepo ni kawaida, lakini ukisikia "fuu, fuu" juu ya wimbo, tobo ni dogo. Boksi lisilo na tobo huizima nota ya besi haraka zaidi, na kwa muziki nalipenda, sema madukani kwetu ni nadra.

Uzi mnene wa besi gitaa la nyuzi nne unapiga hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Muvi hushuka hadi 20. Spika ndogo za inchi 6 na nusu nyingi huanza kukata pumzi kabla ya kufika huko kwenye 41, kwa hiyo anzia inchi 8. Kama sebule imeungana na sehemu ya kulia chakula, chukua 10.

Halafu hili la 5.1, yaani spika tano na sabufa moja. Sabufa ikiwa na matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, spika tano hazitakupa sauti ya muvi iliyogawanywa. Inapokea kushoto na kulia, inachuja besi, basi. Ile njia ya besi ya muvi inayojitegemea inahitaji risiva, mashine ya kugawa sauti kwa spika, inayopokea sauti ya kidijitali kwa HDMI au waya wa optiko. Kama huna mpango nayo, spika mbili nzuri na sabufa zinakutosha.

Ukifika nyumbani usikimbilie kona. Kona inaongeza besi, ila inaivuruga, na kuta zetu za tofali za kuchoma haziimezi. Weka sabufa juu ya kochi unalokaliaga, cheza wimbo, kisha tambaa kandokando ya ukuta ukisikiliza. Watoto watacheka, waache. Pale besi inaposikika safi na sawa ndipo pa kuiweka. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, linaizidi sebule yako, linagonga kuta na kujirudia, kwa hiyo hatua moja tu inabadilisha mambo. Sabufa ikiwa na nobu ya kukatia besi, anzia hezi 80. Swichi ya 0 na 180, inayogeuza mwelekeo wa koni, ijaribu ukiwa umekaa, uache upande wenye besi iliyoshiba. Vikombe vikilia kabatini, weka kitambaa chini yavyo kabla hujailaumu sabufa.

Aliyepanga chumba asisahau kwamba besi inapita ukutani hata madirisha yakifungwa kwa baridi ya Julai. Isogeze sabufa hadi ubavuni mwa kochi, upunguze sauti. Wewe utaisikia vizuri, jirani ataipata kidogo.