Kabla baridi ya Juni haijaingia, hebu ikague hiyo chimni

Huku Njombe mvua ikishakata mwezi wa tano watu tunawaza mahindi na viazi, chimni, ile dohani ya tofali ya kutolea moshi wa meko, hakuna anayeikumbuka mpaka ile jioni ya kwanza meno yanagongana ndo mtu anabeba kuni anawasha. Mimi yalinikuta mwaka juzi. Nimewasha, watoto wamekaa mkekani wanangoja joto, dakika mbili nyingi sebule nzima moshi, hatuonani, ikabidi tufungue madirisha usiku ule na baridi yote ikaingia. Kesho yake fundi akapanda juu akachomoa kiota cha ndege, majani makavu na manyoya, kikajaa ndoo. Yaani vitu vikavu hivo vilikuwa vinaning'inia juu ya moto niliouwasha mwenyewe watoto wakiwa pale, hadi leo nikikumbuka nasisimka.

Kwa hiyo mwezi wa tano ndo wake. Jua lipo, bati limekauka, na mafundi hawajabanwa.

Wengi tunadhani chimni inaharibiwa na moto, lakini kwa sehemu kubwa ni maji, moto unakuja kumalizia tu. Tangu Novemba mpaka Aprili mvua inaingia kwa juu, tofali zinakunywa, udongo wa katikati unalainika, halafu Juni unawasha moto mkali ghafla na ule unyevu unatafuta pa kutokea, nyufa zinafunguka. Chukua msumari ukwaruze kwenye maungio ya tofali kule juu (asubuhi bati lina umande, usipande, subiri saa tano hivi). Msumari ukizama kirahisi na mchanga ukamwagika kama unga, hapo hakuna mota tena, yaani ule mchanganyiko unaoshika tofali. Dawa yake ni kukwangua mpaka kama sentimita 2 ndani, unalowanisha, unajaza upya. Na hapa naomba muwe wakali kwa mafundi, maana wengi wanapenda kupiga sementi kali wakidhani ndo uimara, sementi kali inakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe, joto likija haichezi nalo, inapasuka au inapasua tofali. Ndoo 1 ya sementi, 1 ya chokaa, 6 za mchanga, inatosha kabisa. Pale chini moto unapokaa ni kesi nyingine, sementi ya kawaida haivumilii pale, tafuta tofali na udongo wa kuhimili moto.

Angalia pia pale chimni inapotoboa bati. Ukiona doa la kahawia kwenye dari karibu na hapo ujue maji yanapita pembeni, na kupaka lami ni kujidanganya kwa msimu mmoja, bati la kukinga linatakiwa likunjwe vizuri na ncha yake iingizwe ndani ya maungio ya tofali. Halafu juu kabisa weka kofia yenye wavu, mvua na ndege vyote vinakomea hapo.

Sasa masizi. Kuni mbichi zinatoa mvuke mwingi, moshi ukipanda kwenye chimni ya baridi unaganda ukutani na kuwa kitu kama lami, kinaitwa kreosoti. Ikiwa unga mweusi ni nafuu, brashi inatoa. Ikiwa inang'aa kama rangi ya mafuta, brashi haiambui kitu, usiwashe mpaka fundi anayejua kazi aishughulikie, maana hiyo ikishika moto joto ndani ya chimni linaweza kupita nyuzi 1,000 na paa linafuata. Mulika na tochi, masizi yakifika unene wa milimita 3 safisha, na hata yasipofika safisha mara moja kwa mwaka. Ziba mdomo wa meko kwa shuka lililoloweshwa kwanza, la sivyo utafua mapazia yote ya nyumba.

Kuni zenyewe zipange sasa hivi. Miwati tunayo tele huku na ikikauka inawaka vizuri sana, tatizo letu ni mabanzi ya paini yanayotoka mashineni leo yanachomwa kesho. Pasua, panga nje, funika juu tu pembeni pabaki wazi upepo upite, miezi 6 mpaka mwaka. Zilizokauka zina nyufa vichwani na ukizigonganisha zinalia kavu.

Kama kila kitu ni safi na moshi bado unarudi, pima urefu. Chimni inatakiwa izidi bati kwa sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3. Fupi zaidi ya hapo upepo unausukuma moshi chini, ongeza safu za tofali.

Na tafadhali, chimni ikigoma usihamie kwenye jiko la mkaa chumbani umefunga madirisha. Ile gesi ya sumu haina harufu wala rangi, mtu anaanza na kichwa kuuma anajua ni uchovu, analala, haamki. Ukisikia chimni inanguruma kama lori na cheche zinaruka juu, ziba hewa ya chini kama unaweza, toa watu wote, piga 114 zimamoto. Maji usimwage ndani, tofali za moto zinapasuka.

Ukishajaza mota iache wiki tatu nne ndo uwashe, na moto wa kwanza uwe mdogo, vijiti vitatu vinne tu. Washa kwanza karatasi ya gazeti uinyanyue juu ipashe ile hewa ya baridi, halafu toka nje uzunguke nyumba polepole uangalie: moshi utokee juu kwenye kofia tu, ukiuona hata uzi mmoja unapenya katikati ya tofali au chini ya bati, zima, mwite fundi arudi.