Bega linapopanda bila wewe kujua: kioo, mkono na saa

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi wa shingo ni mafundi cherehani. Wanaongezeka sare za shule zikishamalizwa kushonwa, kila mmoja kajishika bega. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na mara nyingi picha ya eksirei haina la kutuambia. Ninachokiona mimi ni bega lililopanda na mwenyewe hana habari.

Mama mmoja nilimbandika vibandiko vya ngozi juu ya msuli unaotoka shingoni kwenda begani, nikaviunganisha na kompyuta. Mstari unaoonyesha mkazo wa msuli ukapanda. Nikamwambia, “Mama, legeza bega.” Akajibu, “Mbona nimelegeza, mwanangu.” Nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Akautazama mstari, akanyamaza, akashusha pumzi ndefu, nao ukateremka taratibu. Hiyo ndiyo bayofidibaki: unaonyeshwa mwili wako unafanya nini, kisha unajifunza kuuongoza. Mwaka 1970, Thomas Budzynski na Johann Stoyva wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha kazi yao juu ya watu wenye kichwa kinachouma kwa kukaza misuli. Waliweka vibandiko kwenye paji la uso, na sauti ikawajulisha wagonjwa msuli unakaza au unalegea.

Mashine kama hiyo huna, lakini somo lake unaweza kulianza nyumbani. Ila kama mkono unaishiwa nguvu au unakufa ganzi, una homa, unakonda bila sababu, au maumivu yalianza baada ya kuanguka, nenda hospitali kwanza.

Weka kioo pembeni ya cherehani mahali ambapo utaliona bega na sikio kwa pamoja. Kaa, weka kiganja cha kushoto juu ya bega la kulia, vidole viukute ule msuli. Pandisha bega hadi karibu na sikio, hesabu 5, liachie lianguke. Sikiliza kwa vidole hesabu 10: msuli umekuwa laini, au umebaki mgumu kama kamba ya kuanikia nguo? Sasa pandisha nusu ya pale. Kisha robo. Kisha kidogo kiasi kwamba kioo hakioni ila vidole vinajua. Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe. Mkazo mkubwa kila mtu anautambua. Unaokuumiza ni huu mdogo unaokaa nawe tangu asubuhi. Fanya mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, pande zote mbili.

Pumzi nayo: vuta kwa hesabu 4, toa kwa hesabu 6, polepole, bila kujaza kifua. Ni kama pumzi 6 kwa dakika. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Halafu saa. Mafundi wengi hushona mpaka bega liwake, ndipo wainuke. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alifundisha kinyume chake: kazi ipimwe kwa kiwango kilichopangwa, maumivu yasiwe ndiyo kengele. Kwa siku 3 andika unashona dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda. Tuseme 20, 26 na 14. Wastani ni 20. Anza na 16, chini kidogo ya wastani, na utege kengele ya simu. Simu ikilia, inuka hata kama pindo limebaki kidogo, tembea dakika 2, shika bega, urudi. Kila wiki ongeza dakika 2. Na siku bega likiwa jepesi usivuke kiwango, nakusihi. Siku nzuri ndizo zinazowarudisha kwangu, maana mtu hushona magauni matatu kwa mkupuo, kisha analala siku mbili.

Usitegemee maumivu yaishe wiki ya kwanza. Nauliza kwanza kama umeweza kumaliza kazi yako, na kama unalala.

Wiki ya nne, funika kioo kwa kanga. Simu ikilia, kabla hujainuka, kisia: bega liko juu au chini? Funua utazame. Ukikosea mara nyingi, rudisha kioo wiki moja zaidi. Ukipatia siku tatu mfululizo, kitoe chumbani.