Somo: Kufikisha hoja za wahudumu wa majumbani kwa wabunge wa Olympia

Somo hili ni la wenzetu wanaofanya kazi ya keagiva katika jimbo la Washington: mliosajiliwa kama IP (Individual Provider, yaani mhudumu anayechaguliwa na mteja mwenyewe), mlioajiriwa na wakala, na mnaofanya zamu kwenye nyumba za malezi ya watu wazima kuanzia Everett hadi Tacoma. Kazi hii inalipiwa kwa kiasi kikubwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na viwango vya Medicaid hupangwa na jimbo. Kwa hiyo mlango wa kubisha uko Olympia, makao makuu ya jimbo. Barua nzuri ikipelekwa kwa mbunge wa Congress, bunge la serikali kuu, kuhusu malipo ya saa hujibiwa kwa adabu na mambo huishia hapo, kwa kuwa yeye hapigi kura kwenye bajeti ya jimbo. Kanuni ya saa za ziada ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika 2015, ni ya serikali kuu na hiyo ina njia yake nyingine. Usichanganye mambo haya mawili katika barua moja.

Hatua ya 1: Wajue watu wako watatu

Jimbo lina maeneobunge 49. Kila eneo lina seneta 1 na wawakilishi 2. Fungua leg.wa.gov, ingiza anwani ya nyumbani kwako, na majina matatu yatatokea. Weka anwani unakolala, si ya mteja unakoshinda. Ofisi ya mbunge huanza kwa kuangalia kama wewe ni mkazi wa eneo lake. Ukionekana si wake, ujumbe wako huwekwa kando.

Kisha angalia kila mmoja yumo kwenye kamati gani. Kamati mbili ndizo zinazoshika mfuko: Appropriations upande wa wawakilishi, na Ways & Means upande wa Seneti. Kama mmoja wa watu wako watatu yumo humo, anza naye huyo.

Hatua ya 2: Shika kalenda

Kikao huanza Jumatatu ya pili ya Januari. Miaka witiri huchukua siku 105, na hapo ndipo bajeti ya miaka miwili hupitishwa, ikianza kutumika Julai 1. Miaka shufwa ni siku 60 tu, kwa bajeti ya marekebisho. Gavana hutoa pendekezo lake la bajeti Desemba, na miswada huanza kuwasilishwa mwezi huohuo, kabla kikao hakijafunguliwa.

Katikati ya kikao kuna tarehe za ukomo, na hizi ndizo zinazowaangusha watu wengi. Mswada usipotoka kwenye kamati yake kufikia tarehe yake, kwa kawaida safari yake ya kikao hicho imekwisha, isipokuwa ule unaohitajika kutekeleza bajeti. Wahudumu huamka Machi wapige simu kwa bidii kuutetea mswada uliokufa Februari. Chapisha ratiba ya ukomo kutoka tovuti ya Bunge uibandike jikoni.

Wakati mzuri kuliko wote wa kukutana na mbunge ana kwa ana ni kati ya Mei na Novemba, anapokuwa nyumbani. Mwandikie msaidizi wake, omba dakika 15, taja mji unaoishi na jambo moja la kuzungumzia. Usimdharau msaidizi huyo: ndiye anayepanga ratiba, na mara nyingi ndiye anayemweleza mbunge mswada unasema nini.

Hatua ya 3: Ombi moja, lenye namba

"Mtuongezee mshahara" si ombi ambalo mbunge anaweza kulipigia kura. Anapigia kura mswada wenye namba, au fungu la bajeti. Miswada ya wawakilishi huanzia 1000 na ya Seneti huanzia 5000, na mara nyingi mswada mmoja huwa na pacha wake upande wa pili. Hakikisha unataja ule ulioko kwenye kamati siku hiyo.

Usome mwenyewe, hasa vifungu vya malipo na tarehe ya kuanza kutumika. Soma pia makadirio ya gharama yanayoambatanishwa nao. Mswada mzuri hupita kamati ya sera kwa shangwe halafu hufia kwenye kamati ya fedha, na sababu ya kifo chake mara nyingi iko kwenye karatasi hiyo ya gharama.

Hapo hesabu hii itakusaidia. Huduma nyingi za nyumbani za Medicaid hapa Washington hupitia mpango wa Community First Choice, ulioanza 2015. Mchango wa kawaida wa serikali kuu kwa jimbo letu ni asilimia 50, na mpango huo huongeza asilimia 6. Maana yake, katika kila dola 1 inayolipwa, jimbo linatoa senti 44 na senti 56 zinatoka serikali kuu. Jimbo likikata senti 44 zake, senti 56 nazo zinapotea. Mbunge wa kamati ya fedha anaielewa lugha hii hata kama hajawahi kumwogesha mgonjwa.

Hatua ya 4: Jisajili kwa kikao cha kamati

Kwenye ukurasa wa kujisajili wa Bunge, chagua upande (House au Senate), kamati, tarehe, kisha mswada. Utaona njia tatu:

- Kuzungumza, ukumbini au kwa Zoom. Usajili hufungwa saa 1 kabla ya kikao kuanza. Ukichelewa dakika 5 umechelewa kabisa.
- Kuandikisha msimamo wako bila kuzungumza: "Pro", "Con" au "Other". Huchukua dakika 2, nao ukomo wake ni saa 1 kabla.
- Kutuma maoni ya maandishi. Hii inapokelewa hadi saa 24 baada ya kikao kuanza, kwa hiyo aliyekuwa zamu ya usiku bado ana nafasi.

Wenye zamu ngumu wanaweza pia kupiga 1-800-562-6000 na kuacha ujumbe kwa wabunge wao wote watatu kwa simu moja.

Na hili lizingatiwe sana: usizungumze kwenye kamati huku umejiandikisha kazini. Mfumo wa kielektroniki wa kuthibitisha ziara unarekodi saa uliyoingia, uliyotoka na mahali ulipo, wakati kikao cha kamati nacho kinarekodiwa kwa video ya wazi. Kudai saa za Medicaid ukiwa kwenye Zoom ya Bunge kunaweza kuhesabiwa udanganyifu. Badilishana zamu, au tuma maandishi.

Hatua ya 5: Dakika mbili

Mwenyekiti hutoa dakika 2, na orodha ikiwa ndefu hupunguza hadi 1 papo hapo. Andaa matoleo mawili: maneno kama 220 na maneno kama 110 ya Kiingereza. Yasome kwa sauti ukijipima kwa saa ya simu. Ombi lako liwe mwanzoni, kwa sababu maikrofoni ikikatwa, kinachopotea ni mwisho.

Kinachobeba uzito ni saa moja ya kazi iliyoelezwa sawasawa. Wabunge wengi wanadhani kazi hii ni kupika na kufagia. Hawajui kwamba katika jimbo hili muuguzi anaweza kumkabidhi mhudumu kazi ya kuchoma insulini, baada ya mafunzo ya msingi ya saa 9 na ya kisukari saa 3. Mfano wa toleo fupi, wenye ombi la kubuni:

"Mwenyekiti na wanakamati, naitwa fulani, naishi Kent, ni mhudumu wa nyumbani mwenye cheti. Naunga mkono mswada huu, hasa kifungu cha 3, kinachoongeza malipo ya kazi zinazokabidhiwa na muuguzi. Saa moja asubuhi nampima mteja wangu sukari na kumchoma insulini. Namfunga mkanda wa winchi, namtoa kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, nikikagua visigino na kiuno, kwani ngozi ikianza kuwa nyekundu leo, kesho kutwa ni kidonda. Vinywaji vyake navikoroga viwe vizito asipaliwe. Nikikosekana, mbadala wangu lazima awe amekabidhiwa kazi hiyo na muuguzi. Asipopatikana, sindano hiyo haina wa kuichoma. Naomba kura ya ndiyo. Asanteni."

Hakuna jina la mteja humo, wala mtaa, wala jina la ugonjwa usio wa kawaida unaoweza kumtambulisha. Usiri wa mteja hauishi ukifika Olympia. Picha yake usiipeleke hata kama familia imekubali kwa mdomo.

Kwa Zoom, andika jina lako kamili kama ulivyojisajili, la sivyo karani hatakupata kwenye foleni. Ukiitwa, zima kabisa matangazo ya TVW (kituo kinachorusha vikao vya Bunge) uliyokuwa ukifuatilia: yanachelewa sekunde kadhaa, na sauti yako itakurudia ukose pa kuanzia. Ukiulizwa swali usilolijua jibu, sema utalileta kwa maandishi, halafu ulilete siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Kikao kikiisha

Kamati kwa kawaida haipigi kura siku ya kusikiliza maoni. Hupiga siku nyingine, kwenye kikao kinachoitwa executive session, na hapo umma hauzungumzi. Kwa hiyo siku zilizo katikati ndizo za kuwapigia watu wako watatu. Baada ya kamati ya fedha kuna kamati ya Rules, ambayo huamua mswada upi ufike ukumbini, na wengi huusahau mlango huo. Ukumbini zinahitajika kura 50 kati ya 98 za wawakilishi, na 25 kati ya 49 za maseneta. Kisha safari inaanza upya upande wa pili, kamati kwa kamati.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, SeaTac: Habari zenu. Mimi nina green card tu, sipigi kura. Na dada yangu kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa. Tunaruhusiwa?

Jibu: Ndiyo, dada. Kuzungumza na mbunge na kutoa maoni kwenye kamati si haki ya wapiga kura peke yao. Mbunge anawawakilisha wakazi wote wa eneo lake. Lakini dada yako ajue kwamba video na maandishi ya kamati ni kumbukumbu za wazi na hubaki mtandaoni. Kabla ya kujitokeza azungumze na wakili wake wa uhamiaji, na asiandike habari za kesi yake popote kwenye maoni. Na hamhitaji kujisajili kama washawishi: anayeongea kwenye kikao cha wazi tu, au asiyelipwa na asiyetumia fedha kushawishi, amesamehewa usajili huo.

Mwanachama, Tacoma: Mwenye nyumba ya malezi ninakofanya kazi ametutumia kiungo, anataka wote tuandikishe "Pro" kwa mswada wa kuongeza kiwango cha nyumba. Je, hela itatufikia?

Jibu: Soma kama kuna kifungu kinachosema sehemu gani ya nyongeza lazima iende kwenye mishahara. Kwa mawakala wa huduma za nyumbani, sheria ya jimbo RCW 74.39A.310 tayari inaoanisha nyongeza ya mishahara na marupurupu ya wahudumu wao na ile ya IP. Nyumba za malezi ni jambo tofauti: kiwango humwendea mwenye leseni, na mshahara wako ni mapatano yako naye, juu ya kima cha chini. Kama kifungu hakipo, unaweza kuandikisha "Other" na kuomba kiongezwe. Usiandikishe jina lako kwa ajili ya mswada ambao hujausoma, hata akuombe mtu unayemheshimu.

Mwanachama, Kent: Msimamizi wetu amesema tukionekana Olympia saa zetu zitapungua. Afanye hivyo kweli?

Jibu: Waajiriwa wa wakala binafsi wanaojitokeza pamoja kudai maslahi ya kazi, pamoja na kwa wabunge, wanalindwa na sheria ya kazi ya serikali kuu, na malalamiko hupelekwa NLRB, bodi ya serikali kuu ya mahusiano kazini, ndani ya miezi 6. Anayeajiriwa moja kwa moja na familia nyumbani kwake hayumo katika ulinzi huo, na wasimamizi nao hawamo. Andika tarehe na maneno aliyotumia leo hii, na hifadhi ratiba zako za zamu za sasa ili mabadiliko yaonekane. Nendeni mkiwa zaidi ya mmoja, nje ya saa za kazi, bila sare ya wakala.

Mwanachama, Everett: Mimi ni IP. Nimwambie seneta wangu kiasi ninachotaka kwa saa?

Jibu: Haitasaidia sana. IP sasa wameajiriwa na Consumer Direct Care Network Washington, na kiwango cha malipo ya kazi hupendekezwa na bodi maalum ya viwango kabla ya kikao cha bajeti. Bunge hukubali au hukataa pendekezo hilo zima. Ombi lako kwa seneta ni aidhinishe fedha zilizopendekezwa na bodi bila kuziahirisha. Kiasi chenyewe kipeleke kwenye bodi inapokutana, au kwa SEIU 775, chama cha wafanyakazi wa huduma hizi, wakati wa majadiliano.

Mwanachama, Dallas: Na sisi wa Texas?

Jibu: Bunge lenu hukutana miaka witiri tu, siku 140 kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Mkiukosa mwaka huo mnasubiri miaka miwili, kwa hiyo mikutano ya nyumbani ya mwaka shufwa ndiyo yenye thamani kwenu. Hatua ya 3 na ya 5 zitumieni kama zilivyo. Hesabu ya mchango wa serikali kuu itafuteni ya jimbo lenu, maana asilimia zetu si zenu.

Mwanachama, Federal Way: Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Naogopa hawatanielewa.

Jibu: Tuma maandishi yako mapema siku ya kikao, halafu uyasome hayohayo polepole. Atakayekosa neno kwenye lafudhi atalikuta kwenye karatasi. Chagua toleo la maneno 110 hata ukipewa dakika 2. Namba ya mswada itamke tarakimu mojamoja.