Namna ya kuusoma mto mkavu wa jangwani

Ukiukuta mto wa msimu umekauka, usigeuze njia. Mara nyingi maji bado yapo chini ya mchanga, na wanyama wanajua yalipo.

Mimi huanza na miti. Mti mkubwa wenye majani mabichi katika nchi iliyoungua na jua umefikisha mizizi kwenye maji. Fuata safu ya miti hiyo hadi mahali mwamba unapoukatiza mto. Maji yanayotembea chini ya mchanga yakizuiwa na mwamba hupanda, kwa hiyo kagua upande wake wa juu, yaani ule maji yanakotoka. Hapo ndipo utakapokuta mashimo.

Mashimo hayo nayapenda kuliko kitu kingine chochote mtoni. Tembo wa Mto Hoanib, Namibia, huyachimba kwa miguu na mkonga. Katika jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Meksiko, punda na farasi waliorudi porini huchimba hadi karibu mita 2, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanyama wengine wengi huja kunywa humo. Kwa hiyo usilifukie shimo, usinawe humo, wala usichote maji yakaisha. Tazama nyayo ukingoni: zenye kingo kali ni za karibuni, zilizomomonyoka ni za zamani.

Kisha jitenge. Fika kabla hakujapambazuka, ukae mbali, upepo ukikupiga usoni. Asubuhi ndege waitwao firigogo huja makundi kwa makundi. Dume hulowesha manyoya ya tumbo, akaruka kilomita nyingi kuwapelekea makinda maji. Wakizunguka angani bila kutua, wewe ndiye unayewanyima maji, ondoka. Arizona, Marekani, sheria inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani kama mita 400, kutoka kisima cha asili ikiwa utawazuia wanyama kunywa. Ningependa kila jangwa liwe na sheria hiyo.

Mvua ikinyesha, rudi usiku na taa hafifu. Huko Sonora wako vyura wanaojifukia ardhini miezi mingi. Hutoka, hutaga, na viluwiluwi vyao vinaweza kuwa vyura kamili kwa siku 8 hadi 10 hivi. Zunguka kila dimbwi, hata la kina cha kiganja.

Hema lisimikwe ukingoni juu, kamwe si mchangani. Mvua ya milima ya mbali huleta mafuriko chini ya anga safi. Ukisikia mngurumo kutoka juu ya mto, panda ukingo mara moja na uache vifaa.