Kuchagua mafuta ya kuzimulia karafuu kabla ya kujipaka

Jirani yangu alinijia juzi mkono ukiwa mwekundu na ukimwasha, kwa kuwa alikuwa amejipaka mafuta ya karafuu yenyewe bila kuyachanganya na chochote. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo huchoma ngozi, na hivyo ni lazima yazimuliwe ndani ya mafuta mengine. Nilimwelekeza kama ifuatavyo.

Hatua ya 1: Anza na ngozi yako. Ngozi kavu ya miguu na mikono hupatana na mafuta ya nazi au ya ufuta mbichi. Ya ufuta uliokaangwa yaache jikoni, kwani harufu yake hufunika kila kitu. Uso wenye chunusi usiupake nazi, maana huziba vinyweleo. Tumia alizeti iliyokamuliwa bila moto.

Hatua ya 2: Kagua mafuta yenyewe. Kuiruka hatua hii kuliwahi kuniharibia chupa sita za mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe kwa tui, kwa sababu niliyaepua mapema, maji yakabaki chini, na baada ya wiki chache yakachacha. Tangu hapo huchota kijiko kimoja na kukipasha kwenye kikaango kikavu: yakitatarika, bado yana maji, nami huyarudisha motoni kwa moto mdogo hadi yatulie, kisha huyachuja kwa kitambaa kikavu kabisa. Chupa nayo iwe imekauka, kwa kuwa hata matone machache ya maji ya kuoshea yanatosha kuyaharibu. Usidhani yameharibika yakiganda asubuhi ya baridi, kwani mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Dalili ya kuaminika ni harufu: yakinuka uchachu au kama rangi ya kupakia ukuta, yamwage. Ya dukani yasiyo na harufu ya nazi hata kidogo yamesafishwa kiwandani. Hayana madhara, ila mimi napendelea ya kupika nyumbani.

Hatua ya 3: Pima. Katika mililita 30 za mafuta, tia matone 3 tu ya karafuu. Mtoto mchanga asipakwe kabisa.

Hatua ya 4: Paka kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima. Pakiwasha, osha kwa sabuni na uache kuyatumia.

Hifadhi mchanganyiko katika chupa ya kioo cheusi, mbali na dirisha.