Somo: Kununua ruta ya mtumba kwa matumizi ya nyumbani

Habari wadau. Nimeona watu wengi wananunua ruta iliyotumika kwa kuangalia vitu viwili tu, bei na idadi ya antena. Akifika nyumbani haishiki mtandao, basi anahitimisha kwamba mitumba yote ni mibovu. Mara nyingi ile ruta ni nzima kabisa, ila imenunuliwa kwa laini isiyo yake.

Mimi yalinikuta. Nilichukua ruta safi, taa zote zinawaka, kasha halina hata mkwaruzo. Kufika nyumbani nikagundua tundu lake la kuingizia intaneti ni la waya wa simu, wakati kwangu huduma inakuja kwa faiba. Ikaingia kabatini. Ndiyo maana somo hili linaanzia ukutani kwako, kabla hujaongea na muuzaji yeyote.

HATUA YA 1: Jua intaneti inaingiaje nyumbani

Kama inakuja kwa waya wa simu, unahitaji ruta yenye modemu (kifaa kinachotafsiri mawimbi ya laini) ndani yake, na tundu lililoandikwa DSL au ADSL. Angalizo: ADSL na VDSL, aina mbili za intaneti ya waya wa simu, zinatumia tundu la umbo moja. Ruta ya ADSL peke yake haiwezi kuongea na laini ya VDSL, hata ukiichomeka siku nzima. ADSL2+ mwisho wake ni megabiti 24 kwa sekunde. VDSL2 inaweza kufika 100 na kuendelea ukiwa karibu na mtambo. Mpigie mtoa huduma wako umuulize laini yako ni ipi, usikisie.

Kama ni faiba, ukutani kuna kijisanduku kinachopokea mkonga, kinaitwa ONT. Kiache kilipo, wala usinunue ONT ya mtumba. Kila ONT inasajiliwa kwenye mtambo wa mtoa huduma kwa namba yake, hivyo ya mtu mwingine haitatambuliwa. Wewe tafuta ruta ya kawaida yenye tundu la WAN, yaani la kupokelea intaneti, kisha uiunganishe na ONT kwa kebo ya mtandao.

Kebo nene kama ya televisheni, fanya hivyo hivyo: baki na modemu ya mtoa huduma, nunua ruta ya WAN.

Kama unatumia laini ya simu ya mkononi, unatafuta ruta ya 4G. Hapo angalia bendi, yaani masafa ya mawimbi inayoyashika. Ruta iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa bendi anazotumia mtoa huduma wako, ukapata mtandao dhaifu au usipate kabisa huku simu yako pembeni ina mtandao kamili.

HATUA YA 2: Igeuze, soma kibandiko cha chini

Hapa ndipo pesa yako inapookolewa, kwa hiyo usiwe na haraka. Muuzaji wa mtandaoni mwombe picha ya kibandiko inayosomeka. Akikataa, tafuta mwingine.

Kwanza soma jina la modeli pamoja na toleo. Toleo linaandikwa kwa maandishi madogo, V1, V2, Ver. 5, na watu wengi huliruka. Ruta mbili zenye jina moja na kasha moja zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa ndani. Mfano unaojulikana sana ni Linksys WRT54G, iliyotoka mwaka 2002. Matoleo ya awali yaliyopendwa na mafundi yalikuwa na megabaiti 4 za kuhifadhia programu na 16 za kufanyia kazi. Toleo la 5 likashushwa hadi 2 na 8. Ukiziweka mezani hutazitofautisha, mpaka uzigeuze.

Pili, tafuta FCC ID kama ipo. Ni namba ya kibali cha mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na rekodi zake ziko wazi mtandaoni. Ukiiandika kwenye kitafutio utapata tarehe ya kibali, na mara nyingi picha za ndani ya kifaa. Muuzaji akikuambia "hii ni ya juzi tu" na kibali ni cha mwaka 2010, umeshapata jibu.

Tatu, soma volti na ampea. Tutazihitaji hatua ya 5.

HATUA YA 3: Pima kizazi cha waifai

Herufi zilizo kwenye jina la modeli zinasema mengi. N ni kiwango cha mwaka 2009, AC cha mwaka 2013, AX ndiyo waifai ya 6. Ruta iliyoandikwa G tu inaishia megabiti 54 kwenye karatasi, na chini ya nusu yake kwenye matumizi. Hiyo usichukue hata ukipewa bure.

Namba inayofuata isikuchanganye. AC1200 maana yake si kwamba simu yako itapata 1200. Ni jumla ya mawimbi mawili: 300 kwenye 2.4 GHz na 867 kwenye 5 GHz, ikakadiriwa juu. Simu kwa kawaida inatumia wimbi moja kwa wakati mmoja. Na antena nyingi si nguvu nyingi. Zipo ruta za antena nne ambazo ni dhaifu kuliko yenye antena za ndani zisizoonekana.

Kwa nyumba ya kawaida, ushauri wangu ni AC yenye mawimbi mawili na matundu ya gigabiti (megabiti 1000). Hiyo ndiyo watu wengi wanaiuza sasa kwa sababu wanahamia AX, na bado ina miaka ya kufanya kazi.

HATUA YA 4: Angalia kama programu yake ya ndani bado inahudumiwa

Wengi hawaifanyi, na mimi naiona ndiyo hatua nzito kuliko zote. Ruta ni kompyuta ndogo inayokaa mlangoni mwa nyumba yako, saa ishirini na nne. Mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, kila tundu la usalama linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi. Mwaka 2018 programu hasidi iliyopewa jina VPNFilter ilikutwa kwenye vifaa visivyopungua nusu milioni katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na za ofisi ndogo. Wenye navyo hawakuona dalili yoyote. Intaneti ilikuwa inafanya kazi kama kawaida.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ingia tovuti ya mtengenezaji, andika modeli na toleo, tazama tarehe ya sasisho la mwisho. Kama ni zaidi ya miaka mitatu nyuma, yaelekea ruta hiyo imeshaachwa.

Ruta iliyoachwa bado inaweza kupata maisha mapya kupitia OpenWrt, programu huria ya bure iliyoanza mwaka 2004, tena ilianzia kwenye ile ile WRT54G. Tovuti yao ina orodha ya vifaa kwa modeli na kwa toleo. Sharti ni nafasi: megabaiti 8 za kuhifadhia na 64 za kufanyia kazi ni mpaka wa chini, lakini mimi singenunua kwa ajili hiyo chini ya 16 na 128. Kama hujawahi kubadilisha programu ya ruta, jifunzie kwenye kifaa usichokitegemea.

HATUA YA 5: Ijaribu mbele ya muuzaji

Nenda na simu, kebo fupi ya mtandao, na laptopu kama unayo. Iwashe kwa adapta yake, ukihakikisha volti zake ni zile za kibandiko na ampea hazipungui. Bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde 10 hadi 30 mpaka taa zote zizime na kuwaka upya. Kisha ingia kwenye ukurasa wake, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kwa nenosiri lililo kwenye kibandiko. Likikataa hata baada ya kurudisha, huenda kuna mtu amebadilisha programu ya ndani. Achana nayo.

Chomeka kebo kwenye kila tundu uone taa yake. Tazama kwenye simu kama majina ya 2.4 na 5 GHz yote yanaonekana. Ya 4G iwekee laini yako mwenyewe, usikubali kujaribu na laini ya muuzaji.

Halafu kaa nayo dakika ishirini ikiwa imewaka. Piga stori. Ruta yenye kapasita (vipuri vya ndani vya kutunza umeme) zilizochoka huwa inawaka vizuri ikiwa ya baridi, ikipata joto inaanza kujizima na kujiwasha. Uvuguvugu ni kawaida. Ikichoma kiganja au ikitoa harufu ya plastiki, rudisha.

HATUA YA 6: Siku ya kwanza nyumbani

Irudishe kiwandani tena, hata kama ulishafanya kwa muuzaji. Sasisha programu ya ndani kabla ya kitu kingine. Badilisha nenosiri la kuingilia ukurasa wa mipangilio, maana hili ni tofauti na la waifai na wengi hulisahau. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3. WEP, ulinzi wa zamani, ilishavunjwa tangu 2001, na ruta inayotoa WEP peke yake haifai nyumbani.

Zima WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au namba bila nenosiri. Namba yake ya siri ina tarakimu nane, lakini mwaka 2011 iligundulika kwamba ruta inazikagua kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Badala ya kubahatisha mara milioni mia, mtu anahitaji mara 11,000 tu. Zima pia usimamizi wa kutokea nje (remote management), unaoruhusu mipangilio kufunguliwa kupitia intaneti.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepata ruta nzuri ila ina nembo ya kampuni ya intaneti tofauti na ya kwangu. Itafanya kazi?

Jibu: Inategemea. Nyingi za aina hiyo zina programu iliyofungwa: baadhi ya kurasa zimefichwa, na nyingine zinaendelea kutafuta amri kutoka kwa kampuni iliyoitoa. Jaribu hivi: irudishe kiwandani, ingia, tafuta sehemu ya WAN. Kama unaweza kuchagua mwenyewe aina ya muunganisho na kuandika jina na nenosiri la PPPoE (njia ya kuingia kwenye huduma kwa akaunti uliyopewa na mtoa huduma), kuna matumaini. Kama sehemu hiyo haipo, iache. Na muulize muuzaji kama ni mali yake kweli, kwa sababu kampuni nyingi huwa zinaazima tu ruta kwa mteja.

Swali: Kifurushi changu ni cha 200, lakini nikipima sipati zaidi ya 94. Ruta imekufa?

Jibu: Ni nzima. Matundu yake ni ya megabiti 100, na baada ya gharama za usafirishaji wa data zinabaki kama 94 hivi. Badilisha kwanza kebo, maana kebo yenye waya mmoja uliokatika hushusha hata gigabiti kuwa 100. Ikibaki pale pale, ni ruta, tafuta yenye 10/100/1000.

Swali: Samahani ndugu, adapta imepotea. Ruta imeandikwa volti 9 ampea 0.6, ninayo ya volti 12 ampea 1. Nitumie?

Jibu: Usitumie, ndugu yangu. Volti lazima zilingane. Ampea zikizidi hakuna shida, kifaa kinachukua kinachohitaji, zikipungua ndiyo itajizimazima. Angalia pia ule mchoro wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa, lazima ufanane pande zote mbili. Volti 9 yenye ampea 1 itakufaa.

Swali: Mwenye ruta wa zamani anaweza kuendelea kuona ninachofanya?

Jibu: Ukiirudisha kiwandani na kusasisha, hapana, isipokuwa programu yenyewe imechezewa. Anachoweza kukuachia kama hukurudisha ni anwani za DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake) zisizo sahihi, zinazokupeleka tovuti bandia ya benki. Hakikisha DNS ipo kwenye hali ya kujipatia yenyewe. Na ukiuza yako, ifute vilevile. Mwaka 2023 kampuni ya ESET ilinunua ruta zilizotumika za maofisini, zaidi ya nusu zikakutwa bado zina siri za wenye nazo.

Swali: Na ile ruta yako ya ADSL ya kabatini, iliishia wapi? Nami ninayo kama hiyo.

Jibu: Ipo chumba cha nyuma inasambaza waifai. Fanya hivi: chomeka laptopu kwenye tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba), ingia kwenye ukurasa wake, kisha ipe ruta hiyo anwani isiyogongana na ruta kuu, kwa mfano 192.168.1.2 kama kuu ni 192.168.1.1. Zima DHCP, inayogawia vifaa anwani, ili kazi hiyo ibaki kwa ruta kuu. Zima na WPS. Vuta kebo kutoka LAN ya ruta kuu hadi LAN ya hiyo ya zamani, lile tundu la DSL liache tupu. Waifai ipe jina na nenosiri lile lile, ila chaneli tofauti: kuu ikiwa 1, hii weka 6 au 11. Usisahau hatua ya 4, hata ikiwa ndani ya nyumba. Yangu niliikuta kwenye orodha ya OpenWrt.